Karani, makofi na ujumbe wa Kasumbalesa

Ujumbe wenyewe ulikuwa mistari miwili. Uliingia usiku, mwezi wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inawakusanya watu kuzunguka mbabula, jiko letu la makaa, na sote kwenye kundi la simu la michango ya ukoo tulikuwa tukiungoja tangu mchana. Binamu yangu alikuwa njiani kutoka Lusaka, ndani ya gari lililobeba mwili wa mama yake mdogo. Akaandika akiwa mpakani mwa Zambia na Kongo, kwa Kiswahili chetu cha huku: "Tulisha kufika Kasumbalesa. Mwili iko bien. Kesho asubui tutakuwa Lubum."

Kabla mtu yeyote hajaandika "poleni na safari", chini ya maneno yale ikatokea alama moja: 🎉. Haikutokea kimya. Ilipasuka, na karatasi zake za rangi zikatawanyika kwenye kioo cha simu ya kila aliyekuwa amefungua kundi wakati ule, kuanzia Katuba hadi Kolwezi.

Aliyeiweka hakuwa mtu. Alikuwa Karani, wakala wa akili bandia niliyemuunda mwenyewe ili atunze orodha ya michango ya ukoo. Nilikuwa kwa dada yangu Bel-Air, simu mkononi, na niliiona ikipasuka. Niliiondoa ndani ya dakika moja. Kwenye kundi la watu 64 wanaomsubiri marehemu wao, dakika moja ni muda mrefu mno. Shangazi, mtunza hazina wetu, aliniandikia pembeni maneno manne tu: "Mwana, toa ile kintu." Binamu yangu hakuandika chochote hadi asubuhi.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi ninaowafahamu hapa mjini sasa wanajifunza kuunda mawakala wa namna hii, na zana ya kuweka emoji ni miongoni mwa zile za kwanza wanazowapa. Inaonekana ndogo. Haihamishi pesa, haifuti faili, haimwandikii mteja barua. Mimi pia niliiandika jioni moja, kati ya chakula na kulala.

Nieleze jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu kosa lilianzia humo. Wakala hana mikono. Mfumo wa lugha ulio ndani yake unasoma maandishi na kutoa maandishi, basi. Ukitaka afanye jambo nje, unampa zana: unaipa jina, unaeleza kwa sentensi chache kazi yake na wakati wa kuitumia, kisha unaorodhesha vitu ambavyo lazima avitaje kila anapoihitaji. Zana ya emoji inataka vitu vichache sana. Kundi gani, ujumbe namba ngapi, emoji ipi. Mfumo ukiona inafaa, unaandika ombi lenye vitu hivyo vitatu, na programu uliyoiandika wewe ndiyo inayolibeba ombi hilo hadi Telegram, programu ya ujumbe lilipo kundi letu, na kurudi na jibu: imewekwa, au imekataliwa. Telegram walifungua mlango huu kwa roboti, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu kama ya Karani, mwishoni mwa mwaka 2023, kwa amri inayoitwa setMessageReaction. Kabla ya hapo roboti iliyotaka kuonyesha kwamba imesikia ililazimika kuandika ujumbe mwingine.

Na hilo ndilo lililonifanya niitake. Ukoo wetu, kama familia nyingi za Lubumbashi, unaishi WhatsApp. Kundi la michango ndilo pekee tulilolihamishia Telegram, kwa kuwa kule mtu wa kawaida anaweza kusajili roboti bila malipo na kuiingiza kundini. Karani alianza kazi kwa adabu kupita kiasi. Kila aliyetuma mchango wa kilio, wa mahari au wa hospitali alijibiwa sentensi nzima: asante baba, asante mama, mchango wako umeandikwa, Mungu akubariki. Siku ya msiba simu zililia kutwa nzima. Watu wananunua mega za intaneti kwa kuhesabu, na hapa Karani anazila kwa shukrani. Mama mmoja wa Ruashi alitoka kundini, na alipoulizwa alisema kichwa kinamuuma. Alama moja ndogo chini ya ujumbe ingemaliza mambo yote hayo bila simu kulia tena.

Kwa hiyo nilimpa zana, na kwenye maelezo yake niliandika sentensi ambayo sasa naikumbuka neno kwa neno: "Weka emoji kwenye ujumbe ili kuonyesha hisia inayofaa." Amri ya Telegram ina pia sehemu ya hiari inayoifanya alama itokee kubwa na kwa mbwembwe. Niliiwasha. Nilikuwa nawafikiria wazee wetu wenye macho hafifu.

Usiku ule, baada ya dada yangu kulala, nilifungua kumbukumbu za programu kuona Karani alikuwa akifikiri nini. Nilikuwa nimemwagiza aandike sababu fupi kila anapotumia zana. Sababu ilikuwa hii: msafiri amefika mpakani salama na afya yake ni njema, onyesha furaha.

Mwili iko bien, yaani mwili uko vizuri. Ukiyasoma maneno hayo bila kujua lolote, mtu anasema mwili wake mzima, hana homa, safari haikumchosha. Kwa Kiswahili cha vitabu na hata cha hapa kwetu, hiyo ni maana halali. Kwetu usiku ule ilikuwa na maana nyingine moja tu: sanduku halijapata mushkeli njiani, karatasi zimekubaliwa, mama yetu anakuja nyumbani kama alivyoondoka hospitalini. Tangazo la kifo lilikuwa limetolewa siku mbili kabla. Lakini ili kupunguza gharama nilikuwa nampa Karani ujumbe 5 tu wa mwisho kila anaposoma, na zile 5 za mwisho zilihusu mafuta ya gari na foleni ya malori kwenye mpaka. Neno "kifo" halikuwamo. Neno "marehemu" halikuwamo. Watu wenye msiba hawatajitaji neno hilo, wote wanajua.

Wenzangu wa kazini waliniambia ni tatizo la kiufundi tu, na kwa siku chache niliwaamini. Nikaongeza ujumbe anaosoma kutoka 5 hadi 200. Nikamwandikia maelezo ya namna watu wa hapa wanavyozungumza: kwamba kilio kwetu ni mahali na siku zake, wala si machozi peke yake; kwamba "alishatuacha" hakumaanishi amehama mtaa; kwamba sentensi moja inaweza kuanza kwa Kifaransa, ikapita kwenye Kiluba na kuishia Kiswahili. Nikazima ile mbwembwe. Nilijaribu na ujumbe wa zamani wa kundi, mamia kwa mamia, na Karani akawa anasoma vizuri sana. Nilijivunia kazi ile.

Miezi miwili baadaye kaka yake babu alifariki Likasi. Baba mkubwa, ambaye ndiye anayetangaza mambo ya namna hiyo, aliandika tangazo kwa utaratibu wake wa siku zote, jina kamili, ukoo, saa, mahali pa kilio. Karani alilisoma sawasawa. Ndani ya sekunde 3 akaweka 😢.

Hakukuwa na kosa lolote la kusoma hapo. Alama ilikuwa ya huzuni, tangazo lilikuwa la huzuni. Lakini Baba mkubwa alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya hasira. Alikuwa anataka kuelewa. "Huyu wa kwanza kulia ni nani? Alimujua?"

Nikamwambia ni Karani, ni mashine.

"Sawa. Lakini alimujua?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Nilichokipata ni kwamba nilikuwa nimetengeneza kitu kibaya kwa ustadi. Ile 🎉 ilituumiza lakini kila mtu aliijua kuwa ni kosa, na kosa husameheka. Ile 😢 haikuwa kosa. Ilikuwa machozi ya mtu ambaye hayupo, yamewekwa mbele ya machozi ya watoto wa marehemu. Kwenye kilio, mpangilio wa nani anafika kwanza, nani analia wapi, nani anakaa kwenye mkeka na nani kwenye kiti, si jambo la kupuuzwa. Na kwenye kundi la simu, watu wetu wameuhamishia mpangilio huo kwenye zile alama ndogo bila mtu kuwafundisha.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama wazee wanavyozitumia, kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.

Wazee wetu wakisoma tangazo la Baba mkubwa, liwe la kifo, la mahari au la mkutano wa Jumapili, wanaweka alama ileile: 👏. Chini ya taarifa ya msiba unaweza kukuta makofi 19. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kumsalimu babu kijijini, na nilifundishwa kuchuchumaa, kukunja viganja kidogo kama bakuli na kuvigonganisha polepole, sauti nzito, huku nikiitika "Eyo vidye". Waluba wanaitika hivyo, na majirani zetu Wabemba nao wana makofi yao ya heshima. Mji huu, uliojengwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, uliwakusanya watu wa makabila mengi wakafanya kazi pamoja na kuzika pamoja, na makofi hayo yamepita kutoka mkono hadi mkono mpaka yakafika kwenye simu. Mzee anayeweka 👏 chini ya tangazo la kifo anasema: nimekusikia, mkubwa wangu, nimeinama.

Karani alikuwa na kazi nyingine ya jioni, kuandika muhtasari wa siku kwa ajili ya walio mbali. Siku ile ya msiba wa Likasi aliandika kwamba tangazo la Baba mkubwa "limepongezwa na watu 19". Tuliuzuia kabla haujatumwa, kwa sababu wakati huo Shangazi alikuwa tayari anausoma kwanza. Nilimwonyesha Baba mkubwa hata hivyo, niliona ni haki yake kujua. Alisoma mara mbili. "Makofi ni juu ya heshima. Karani hakufundishwa?"

Hakufundishwa, na kosa si lake. Picha hizi zilitoka mbali. Mwaka 1999 Mjapani Shigetaka Kurita alichora 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya NTT DoCoMo, kila moja ikiwa nukta 12 kwa 12, na zilikuwa za kazi za kawaida: mvua, jua, treni, moyo. Mwaka 2010 Unicode, ule mpango unaoipa kila herufi ya dunia namba yake ili simu zote zielewane, ukaziingiza mamia ya emoji kwenye orodha yake. Ile ya makofi ina namba na ina jina, na jina lenyewe linasema tu kwamba ni mikono inayopiga makofi. Halisemi makofi ya nini. Sehemu hiyo iliachwa kwa wenye mikono. Lakini mifumo ya lugha ilijifunza kutokana na maandishi ya watu wanaopiga makofi ukumbini mtu anapomaliza hotuba, kwa hiyo kwao 👏 ni pongezi. Hata WhatsApp ilipoanza kuruhusu watu kuweka alama chini ya ujumbe mwaka 2022, ilianza na sita tu, na makofi hayakuwamo. Nakumbuka wazee wetu kipindi kile walitumia 🙏, na alama zote zilipofunguliwa miezi michache baadaye, waliiacha wakaenda kwenye makofi yao.

Kiswahili kinajua kitu ambacho mimi nilikisahau nilipoandika neno "hisia". Kuna kujibu na kuna kuitika. Mama akikuita kutoka uani hajauliza swali, kwa hiyo huna cha kumjibu. Unaitika. Sauti yako inamwambia kwamba upo na kwamba miguu yako iko tayari kuinuka. Mtoto asiyeitika anagombezwa hata kama atafanya kazi aliyotumwa, na mtoto anayemwitikia mwenzake aliyetoroka kwenda mpirani anagombezwa zaidi, kwa sababu amemfanya mama aamini kuna mtu ambaye hayupo. Alama hizi za simu ni kuitika. Mimi nilikuwa nimeunda mashine ya kuitikia wasiokuwepo.

Upande wa pesa tulijifunza kwa gharama zaidi.

Shemeji yetu mmoja alituma kundini picha ya ujumbe wa simu unaoonyesha ametoa franka 50,000 kwa ajili ya mahari ya mdogo wetu. Karani akaweka 👍. Wiki tatu baadaye tulikutana Jumapili, Katuba, chini ya mwembe wa Baba mkubwa. Shangazi akafungua daftari lake, lile la karatasi, lenye jalada la plastiki, na jina la shemeji halikuwamo. Pesa haikuwa imemfikia. Tulipochunguza tuliona tarakimu moja ya namba ya simu ilikosewa, pesa imekwenda kwa mtu asiyejulikana. Shemeji hakukubali. Alinyoosha simu yake juu watu wote waone. Alisema alituma, Karani akakubali, na tangu lini mtu akishakubaliwa anadaiwa tena?

Walibishana saa nzima. Shangazi hakuinua sauti hata mara moja, lakini niliona mikono yake ikitetemeka kwenye daftari, kwa sababu amelitunza miaka mingi na hakuna aliyewahi kulitilia shaka. Mwishoni nilisema zile 50,000 nazilipa mimi. Zana ni yangu, na ile alama ilitoka kwenye zana yangu.

Shemeji hakuwa na hoja ya kijinga. Nchini Kanada, jimboni Saskatchewan, jaji alitoa hukumu mwaka 2023 kwenye kesi inayofanana na hii kuliko ningependa. Mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 87 za mbegu za kitani na kumwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa 👍. Mbegu hazikufika. Mkulima alidai kwamba alimaanisha ameupokea mkataba tu, hakumaanisha ameukubali. Jaji aliitazama mienendo yao ya nyuma, jinsi walivyokuwa wakikubaliana kwa maneno mafupi ya simu, akasema dole gumba lile ni sawa na saini. Mkulima alitakiwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana na hukumu hiyo. Kati ya "nimeona" na "nimekubali" kuna pesa, na 👍 haisemi ni ipi. Mtu unaweza kumwita umuulize alimaanisha nini. Karani hakumaanisha lolote, na bado shemeji alikuwa na haki ya kumwamini.

Kwa hiyo nilikaa na Shangazi siku mbili, jikoni kwake, yeye anachambua sombe, majani ya muhogo, na mimi nina kompyuta magotini, tukaandika upya. Kila nilipotaja emoji aliuliza swali moja: nani anasema hivyo? Nikisema Karani, anauliza tena: amefanya nini hata aseme? Sijawahi kupata mwalimu wa uhandisi wa programu aliye mkali namna ile.

Tulibaki na alama mbili. Ya kwanza ni ✍, maana yake Karani ameandika jambo hilo kwenye jedwali, kweli ameliandika, na zana haiwezi kuitwa kabla ya jedwali kurudisha jibu kwamba mstari umeingia. Ya pili ni 👀, kwa mtu aliyemuuliza kitu kinachochukua muda, mfano jumla ya michango ya mwaka. Karani anaiweka anapoanza kutafuta na anaiondoa anapojibu. Zote mbili zinahusu kazi aliyoifanya mwenyewe. Nilitamani ✅ badala ya ✍, kila mtu angeielewa, lakini Telegram ina orodha yake ya alama zinazoruhusiwa na hiyo haimo. Humo kuna ndizi na kuna nyangumi. Roboti ikileta kitu nje ya orodha inarudishiwa kosa.

Alama ya 👌 ni ya Shangazi. Mchango hauhesabiwi kuwa pesa mpaka yeye, kwa kidole chake, baada ya kuona fedha kwenye simu yake, aiweke chini ya ujumbe wa aliyechanga. Karani anaingojea. Hili lilinishangaza, kwamba kazi nzuri kuliko zote ilikuwa upande wa pili wa zana: kusoma alama za watu, siyo kuziweka. Kiufundi roboti lazima iwe msimamizi wa kundi na lazima iombe waziwazi kupelekewa taarifa za alama, la sivyo Telegram haimpelekei. Shangazi akiweka 👌, jedwali linabadilika kutoka "imetajwa" kuwa "imepokelewa". Akiiondoa, linarudi. Hana haja ya kujifunza amri yoyote. Daftari la karatasi bado lipo, na jioni wanalinganisha, yeye na mashine.

Maelezo ya zana sasa yanasema: "Tumia zana hii tu baada ya kukamilisha kazi, au unapoianza kazi uliyoombwa. Usiitumie kwa furaha, huzuni, pongezi, heshima wala kukubali." Lakini sikuishia kwenye maneno. Sentensi inamshawishi mfumo, haimfungi, na siku moja yenye ujumbe mgumu atapata sababu ya kuipita. Kwenye programu yenyewe nimeweka kizuizi: emoji isiyo mojawapo ya zile mbili haitoki. Pia kila ombi linakaguliwa kama namba ya ujumbe ipo kweli na ni ya mtu aliyekuwa akizungumza na Karani, kwa sababu kuna siku alichanganya namba akaweka alama kwenye ujumbe wa juu yake. Anayetaka kumpa wakala wake zana ya emoji, namshauri aanze na kizuizi hicho, kabla ya kufikiria maelezo mazuri.

Mwezi uliopita kijana wetu mmoja, anayefanya kazi ya usiku kwenye mgodi upande wa Kolwezi, alimwandikia Karani faraghani. Aliomba jambo ambalo aliliona dogo: Baba mkubwa akitangaza kitu usiku, Karani aweke 👏 kwa niaba yake, maana simu yake inabaki kwenye sanduku langoni hadi asubuhi na hataki aonekane mtovu wa heshima. Karani alimjibu kwamba hawezi, akanipelekea ombi. Nilisita kabla ya kulijibu. Kijana anampenda Baba mkubwa kweli, na uchovu wa zamu ile naujua, nimewahi kuifanya. Kiufundi ningeweza kumtengenezea njia. Nikamwambia hapana, na nikamweleza sababu kwa simu, si kwa maandishi.

Wiki iliyofuata Baba mkubwa alitangaza saa 2 usiku kwamba mkutano umesogezwa. Makofi ya wazee yakaingia moja moja, kisha ya vijana. Karani hakuweka kitu, hakuna aliyekuwa amemwomba kazi. Saa 12 na robo asubuhi, zamu ilipoisha, yakaongezeka makofi mengine, ya yule kijana, peke yake chini ya ujumbe ambao wengine wote walikwisha kuusahau. Nilikuwa kwa Baba mkubwa kumpelekea makaa ya mbabula. Alikuwa amekaa uani na blanketi mabegani, simu ameiweka mbali na macho kama anavyoisoma siku zote.

"Aliitika," akasema, akaiweka simu mfukoni.